Kioo, Kamera na Radi ya Ufipa

Mtumishi wa umma akipokea barua ya uhamisho kwenda Sumbawanga, wenzake ofisini hawamuulizi kwanza habari za nyumba wala shule za watoto. Humpa pole, kisha humuusia: usigombane na mwenyeji, usidhulumu mtu, wala usiguse cha mtu shambani, kwa maana kule radi hutumwa hata jua likiwaka. Nimeusikia wosia huo Dar es Salaam, nimeusikia Dodoma, na kila mwaka nausikia ukumbini ninapowagawia wanafunzi wangu maeneo ya utafiti. Anayepangiwa Rukwa huchekwa. Naye hucheka pia, lakini baadaye huja ofisini peke yake kuuliza kama anaweza kubadilishiwa.

Utani una nafasi yake katika nchi hii, na Wafipa wenyewe ni hodari wa kuutumia. Hata hivyo, ndani ya utani huu mna tuhuma: kwamba kifo cha radi kina mtumaji, na kwamba mtumaji huyo ana jina, ana nyumba na ana majirani. Tuhuma ya namna hiyo ikitoka kwenye baa ya mjini ikafika kijijini, kwenye msiba, haichekeshi tena. Kwa hiyo nimeona niandike juu ya historia ya kuitazama radi: ni nani aliyeitazama, kwa chombo gani, na alichokiona kilimfanya amtendee nini binadamu mwenzake.

Tuanze na mahali penyewe. Uwanda wa Ufipa umeinuka kama meza kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki liko Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, kwenye mita 800 hivi. Mji wa Sumbawanga uko juu, karibu mita 1,800, na vilele vya safu ya Mbizi vinapita mita 2,000. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mchana wa msimu huo jua huichoma ardhi ya uwandani, hewa yenye unyevu huziparamia kuta za mabonde, na kufikia alasiri mawingu husimama wima kama minara. Ndani ya minara hiyo, chembe za barafu na mvua ya mawe changa hugongana kwa maelfu, chaji za umeme zikatengana, na hapo radi huzaliwa. Aliyesimama jioni kwenye ukingo wa Lyambalyamfipa, upande ambao barabara ya Ntendo huteremka kwenda Muze, anaweza kuiona dhoruba nzima ikitembea bondeni mbele yake, kuanzia kichwa hadi miguu. Ni watu wachache katika nchi hii wenye baraza kama hilo la kuitazamia radi.

Jambo la pili la mahali hapa, ambalo watoa wosia wa ofisini hawalitaji, ni uwazi wake. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi na mashamba; miti mirefu ni michache. Msimu wa radi ndio msimu wa jembe. Mkulima wa mahindi au ulezi aliyesimama katikati ya shamba saa tisa alasiri, mwezi wa Januari, mara nyingi ndiye kitu kirefu kuliko vyote katika eneo lake. Wengine husema kwamba radi ya Ufipa huvutwa na chuma kilicho ardhini, kwa kuwa Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na baadhi ya matanuri yao marefu, malungu, yamebaki hadi leo kama mashahidi. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini madini yaliyofukiwa ardhini hayaiiti radi. Kinachohesabika zaidi ni kimo cha kitu, upweke wake na umbo lake.

Na jina la mji je? Maelezo yanayosikika sana ni kwamba "sumba wanga" katika Kifipa ni amri: tupa uchawi. Ajabu ya fikra zetu ni kwamba mji ambao jina lake, kwa maelezo hayo, humwamuru mgeni auache uchawi wake nje ya lango, ndio tulioufanya makao makuu ya uchawi wa taifa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa juu yao, kilichomshughulisha hadi mwaka 1989 kilikuwa fumbo lingine kabisa, yaani amani ya jamii ile. Habari hiyo haikufika kwenye baa zetu.

Sasa tuhamie kwenye kamera. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya waliichora radi kama meno ya msumeno, mstari unaopinda kwa pembe kali kutoka wingu hadi ardhi. Jicho la binadamu halikuweza kuwakosoa kwa hakika, kwa sababu radi hukoma kabla jicho halijajua linatazama nini. Mwaka 1847 Thomas Easterly wa St. Louis, Marekani, alinasa mmweko wa radi kwenye bamba la fedha kwa njia ya picha ya zama zile. Tarehe 2 Septemba 1882, mjini Philadelphia, William Jennings akaipata picha ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza iliyo wazi. Hapakuwa na msumeno. Palikuwa na mto: shina moja, vijito vingi, vingine vikiishia hewani bila kufika popote. Picha hiyo ilileta swali ambalo mchoro haukuweza kulileta. Kama radi ni mkuki uliorushwa kwa mtu fulani, matawi haya yanayokufa njiani yalikuwa yakimtafuta nani?

Jibu lilihitaji kamera ya aina nyingine, nayo ilibuniwa na Mwingereza Charles Vernon Boys mwanzoni mwa karne ya 20. Alifunga lenzi mbili pande mbili za sahani inayozunguka kwa kasi, ili mmweko mmoja uandikwe mara mbili na kuvutwa kuelekea pande tofauti. Kwa kuzilinganisha picha hizo mbili mtu angeweza kujua sehemu ipi ya radi ilitangulia na ipi ilifuata. Boys alikuwa na chombo lakini hakuwa na radi. Aliitunza kamera yake karibu robo ya karne kabla ya kupata picha ya kumridhisha, mwaka 1928, akiwa Marekani. Uingereza ina mvua nyingi za kunyong'onyea, ila dhoruba zake ni haba kwa kazi ya namna hiyo. Radi ya kutosha ilikuwa Afrika.

Aliyeichukua kamera ya Boys na kuipa kazi ni Basil Schonland, mzaliwa wa Grahamstown, Afrika Kusini, aliyesomea fizikia Cambridge katika maabara ya Rutherford. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, yeye na wenzake walikesha Johannesburg wakizisubiri dhoruba za kiangazi, na mwaka 1934, pamoja na Collens, alianza kuchapisha matokeo yaliyobadilisha elimu ya radi duniani kote. Naomba msomaji asiyependa fizikia anivumilie kwa aya moja tu, maana hapa ndipo kiini cha mambo kilipo.

Kamera ilionyesha kwamba radi inayopiga ardhi haitoki winguni kwa pigo moja. Kwanza hushuka mtangulizi hafifu, kwa hatua. Hupiga hatua ya mita 50 hivi, hutulia kwa takribani sehemu 50 za milioni ya sekunde, kisha hupiga hatua nyingine, huku akitoa matawi, kama kipofu anayepapasa kwa fimbo. Akiwa juu hajui atakapofikia. Anapokaribia ardhi kwa makumi ya mita, ndipo vitu vilivyo chini, mti, paa, nguzo, ng'ombe, mtu, huanza kurusha vicheche vyao kwenda juu kumpokea. Kicheche kinachowahi kukutana naye ndicho kinachofunga njia, na hapo pigo kuu lenye mwanga tunaouona hupanda kutoka ardhini kwenda winguni, joto lake likifikia nyuzi za Selsiasi 30,000 hivi. Mara nyingi mapigo matatu au manne hufuatana katika njia ileile, ndiyo sababu radi huonekana kutetemeka. Kwa maneno mengine, anayepigwa huamuliwa katika makumi ya mita za mwisho, na huamuliwa na mambo yaliyo ardhini: kimo, umbo na bahati ya mahali mtu aliposimama.

Mwanahistoria hawezi kuisoma habari hii bila kuuliza ni nani aliyeilipia. Bernard Price, mhandisi wa kampuni kubwa ya umeme ya Transvaal, ndiye aliyejitolea fedha za kuanzisha taasisi ya jiofizikia yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na Schonland akawa mkurugenzi wake. Nyaya za kupeleka umeme migodini zilikuwa zikipigwa na radi, na kila waya uliokatika ulisimamisha dhahabu. Elimu hii, basi, ilizaliwa Afrika, chini ya anga ya Afrika, kwa ajili ya kuulinda mtaji. Miaka michache baadaye vijana wa Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika walikuwa wakipelekwa kwenye migodi hiyohiyo na shirika la WENELA, hadi serikali ya Tanganyika huru ilipoupiga marufuku uajiri huo. Walirudi na mablanketi, baiskeli na kifua kibovu. Habari za mtangulizi anayepapasa kwa hatua hazikuwa katika mizigo yao. Hakuna aliyeona haja ya kuwaeleza.

Katika miaka hiyohiyo ya Schonland, chombo kingine cha kutazamia kilikuwa kikipita vijijini upande wetu wa bara. Kilikuwa kioo. Mwaka 1933 na 1934 vijana walioitwa Wamchape walitoka Nyasaland wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, nchi inayopakana na Ufipa kwa kusini. Walivaa nadhifu, walikuja na dawa kwenye chupa, na waliahidi kukomesha uchawi milele. Audrey Richards, aliyekuwa akifanya utafiti kwa Wabemba, aliueleza utaratibu wao katika makala yake ya mwaka 1935. Watu wa kijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mtafuta wachawi, naye akawatazama katika kioo kidogo alichokishika mkononi. Sura ikimwonyesha alichotaka kukiona, mtu huyo aliitwa atoe pembe zake na anywe dawa.

Ndugu msomaji, viweke vyombo hivyo viwili mezani, ubavu kwa ubavu. Vyote viwili ni vya kioo. Vyote viwili vilikuwa Afrika ya kusini na kati katika msimu uleule wa mwaka 1934. Kila kimoja kilidai kuonyesha kisichoonekana kwa macho makavu. Lakini kamera ya Boys ilielekezwa juu, ikamfuata mtangulizi hatua kwa hatua hadi chini, na picha yake ikabaki kwenye bamba ili mtu mwingine, mahali pengine, aipime na kuipinga. Kioo cha Mchape kilielekezwa kwa watu. Alichokiona mshikaji hakikubaki popote ila katika kauli yake, na hapakuwa na rufaa.

Ufipa nayo ilionja. Willis alikuwapo mwaka 1963 na 1964 lilipopita vuguvugu lililoitwa Kamcape, jina la mzizi uleule wa Mchape. Bendera ya uhuru ilikuwa na miaka miwili mitatu tu. Vijana walikuja kijijini, wakawachanja watu na kuwapaka dawa, na wakawataja wachawi. Katika uchambuzi wa Willis linajitokeza jambo ambalo wanafunzi wangu wa siasa hulipata haraka kuliko wale wa dini: huu ulikuwa pia ugomvi wa vijana na wazee. Waliokuwa na mashamba, sauti na heshima ya umri walijikuta wakipangwa mstari na watoto wao. Sisemi kwamba imani ilikuwa kisingizio tu. Nasema kwamba tuhuma ya uchawi, hata ile ya radi, hutafuta njia rahisi ya kupitia, na njia hiyo mara nyingi ni mzee asiye na mtetezi.

Sheria haikusaidia sana. Wakoloni walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1922, wakaiandika upya mwaka 1928, na hadi leo imo katika vitabu vyetu kama Sura ya 18. Ukiisoma kwa makini unaona mkanganyiko. Inamwadhibu anayejidai mchawi na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Wakati huohuo ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akaishi mahali maalumu. Dola ambayo haikuamini uchawi ilijiwekea mamlaka ya kuwahamisha wachawi. Mwanakijiji angeelewa nini, isipokuwa kwamba bwana mkubwa naye anaamini?

Kuhusu radi yenyewe, serikali ya kikoloni iliichunguza kwa sikio. Vituo vya idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1929 na kuwa na makao Nairobi, vilihesabu siku za ngurumo: mwangalizi akisikia ngurumo hata mara moja, siku hiyo inaandikwa. Kwa njia hiyo Tororo, mashariki mwa Uganda, ilipata umaarufu duniani kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya mwaka 1967 na 1976. Sikio lina mipaka yake: halitofautishi radi moja na radi elfu, na halijui radi ilitua wapi.

Jicho lilikuja kutoka juu. Novemba 1997 Marekani na Japani zilirusha setilaiti ya TRMM, iliyokuwa na kamera maalumu ya radi. Kamera hiyo ilipiga takribani picha 500 kila sekunde katika rangi moja tu ya mwanga, ile inayotolewa na oksijeni inapochomwa na radi, kwa hiyo iliweza kuona mimweko hata mchana. Haikukaa mahali pamoja. Ilipopita juu yako ilikutazama kwa dakika moja na nusu hivi, ikaenda zake. Lakini ilipita kwa miaka mingi. Mwaka 2016 watafiti walikusanya kumbukumbu za mwaka 1998 hadi 2013 na kuchora ramani ya mahali panapopigwa zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, kwa mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili lilikuwa Kabare, Kivu Kusini, magharibi mwa Bukavu: mimweko 205. Katika kumi za kwanza, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa na nafasi tano. Sumbawanga haimo. Bara letu liliongoza kwa jumla, na kitovu chake ni milima na maziwa ya mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kaskazini zaidi.

Nilipomwonyesha ramani hiyo mwenzangu mmoja, mtu msomi, alicheka akasema: basi wachawi wakuu wako Kabare. Ndivyo tuhuma inavyofanya kazi. Inaweza kumeza ramani nzima bila kutafuna.

Tangu Desemba 2022 kuna jicho lingine. Setilaiti ya Eumetsat ya kizazi cha tatu cha Meteosat imesimama umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikiwa na kamera nne za radi zinazotazama Ulaya na Afrika usiku na mchana, kila moja ikipiga picha 1,000 kwa sekunde. Yaani wakati wosia wa ofisini unatolewa, anga ya Ufipa inapigwa picha mara elfu moja kila sekunde. Taasisi za hali ya hewa za Afrika zimekuwa zikipokea picha za Eumetsat kwa miaka mingi. Swali la kisera kwa watumishi wanaonisoma ni fupi: picha inayoonyesha dhoruba ikipanda kutoka Rukwa saa nane mchana inamfikia nani kabla ya saa tisa? Je, inamfikia mwalimu mkuu wa shule ya uwandani? Inamfikia mwenyekiti wa kijiji? Simu wanazo wote wawili.

Vijana wa Sumbawanga, kwa upande wao, hawasubiri setilaiti. Nimewakuta wakipiga picha za radi kwa simu na wachache kwa kamera za maana. Msimu mmoja wa mvua nilikaa jioni mbili na kijana wa aina hiyo, mpiga picha wa harusi, ndani ya gari lililofungwa vioo, karibu na ukingo wa bonde. Mbinu yake ni sahili. Kamera huwekwa juu ya stendi au dashibodi ili isitikisike, huelekezwa kwenye wingu linalowaka zaidi, na mlango wa lenzi huachwa wazi sekunde 20 au 30 gizani. Radi ikipiga katika muda huo hujichora yenyewe. Alikuwa akihesabu pia: kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Hesabu ilipopungua chini ya sekunde 30 alikunja kazi na hakushusha kioo tena. Alijifunza hayo mwenyewe, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa picha zake, ingawa picha zilikuwa nzuri.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa kamera hawapendi kulisikia. Picha nayo hudanganya. Kamera ikiachwa wazi dakika nzima, au picha kumi zikiunganishwa kwa programu, radi kumi za nyakati tofauti hutua juu ya mji mmoja kwa pamoja, kama jeshi. Picha ya namna hiyo ikiwekwa mtandaoni na maneno "Sumbawanga usiku wa jana", taifa zima linathibitishiwa lililokuwa likiliamini. Yule kijana aliniambia kwamba picha zake zinazopendwa zaidi ni zile ambazo watu huandika chini yake habari za waganga. Picha yenye radi moja, iliyo safi, yenye matawi yanayokufa hewani, haina wapenzi wengi. Kwangu mimi ndiyo ya kufundishia.

Nafahamu pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi lenye uzito. Evans-Pritchard alilieleza mwaka 1937 alipoandika juu ya Waazande: ghala likianguka, Mzande anajua kwamba mchwa wamekula nguzo; anachouliza ni kwa nini lilianguka saa ile alipokuwa ameketi yule. Mfiwa wa Ufipa naye anaweza kukubali kila hatua ya mtangulizi wa Schonland na bado akauliza, kwa nini mwanangu? Watu kumi walikuwa shambani. Kamera haina jibu kwa swali hilo kama linavyoulizwa usiku wa msiba, na mhadhiri anayejifanya kuwa nalo ni heri akae kimya, awapishe wazee wa dini na jamaa.

Lakini lipo swali jirani ambalo kamera inalijibu: kwa nini wana wa watu hawa hufa kwa radi, na wa wale hawafi? Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa ikipiga kengele za makanisa ili kuifukuza dhoruba. Kitabu kilichochapishwa Munich mwaka 1784 kilihesabu minara 386 iliyopigwa na wapiga kengele 103 waliokufa katika miaka 33. Watu wale hawakuacha kufa kwa sababu waliacha kuamini. Kinga ya Benjamin Franklin, fimbo ya chuma juu ya paa na waya wa kuupeleka umeme ardhini, ilienea juu ya minara. Wakulima walipungua mashambani. Nyumba zikapata mabomba na nyaya zinazoupeleka umeme ardhini pembeni mwa mtu. Kwetu, shule ni darasa la matofali lenye bati juu, lisilo na waya hata mmoja unaogusa udongo kwa makusudi. Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, Uganda. Januari 2025 iliwaua wanafunzi saba wilayani Bukombe, mkoani Geita. Radi ikitua kwenye jengo lenye watoto 60, umeme husambaa ukutani na sakafuni, hupita kwenye madawati na miguuni, na huwaangusha wengi kwa mara moja. Hakuna mchawi anayehitajika kuyaeleza hayo. Anahitajika mhandisi, na mstari mmoja katika bajeti ya halmashauri.

Wakati huohuo, ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zinaendelea kuorodhesha watu, wengi wao wanawake wazee, waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa mbalimbali ya nchi. Kila kifo cha radi kisichoelezwa kinaweza kuwa na kifo cha pili nyuma yake, na hicho cha pili hakiandikwi kwenye kumbukumbu za hali ya hewa.

Mwaka huu wanafunzi wangu watatu wanatokea Rukwa: mmoja Laela, mmoja Namanyere, mmoja Matai. Hakuna aliyeomba kubadilishiwa eneo. Kazi niliyowapa ni ya daftari na penseli kwanza, kamera baadaye. Kwa kila kifo cha radi kinachokumbukwa katika kata zao wataandika mwezi, saa, mahali, alichokuwa akikifanya marehemu, kilichokuwa kirefu jirani naye, na kama nyumba ilikuwa ya nyasi au ya bati. Safu ya mwisho, ambayo tuliibishania sana ofisini, inauliza kama kuna mtu aliyetajwa baada ya mazishi, na yuko wapi sasa. Jina lake halitaandikwa. Wataanza Novemba.